Picha ya Kichwa Changu na ya Ekai

Ugonjwa wangu ulianza na shimo la barabarani, kaskazini ya mji mdogo wa Archers, mwaka mmoja wa ukame katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa dereva wa lori la familia. Babu yetu aliletwa nchi hii na jeshi la Mwingereza, vita vilipokwisha akabaki Isiolo na Wasomali wenzake, na watoto wake wakawa wafanyabiashara wa mifugo na wenye malori. Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa Yusuf alichukua biashara. Mimi nilichukua usukani.

Ninaandika kwa sababu nimepata nafuu ya kuniwezesha kuandika, na kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani, pengine katika mji huu huu, anayefanya niliyokuwa nikiyafanya na kudhani ni yeye peke yake duniani. Mambo ya udaktari siyajui, sitayaeleza. Nitaeleza yaliyonipata mimi, na nililomfanyia mtu mwingine. Ningependa kuliacha hilo la pili, lakini nikiliacha nitakuwa nimedanganya tena.

Gurudumu la nyuma liliingia shimoni, lori likaruka kidogo. Basi. Kila dereva wa barabara ile amerushwa hivyo mara nyingi asizoweza kukumbuka. Lakini siku hiyo wazo liliniingia wazi kama mtu amenong'ona sikioni: umemgonga mtu.

Kando yangu alikaa Ekai, taniboi wangu, mtu wa kufunga mizigo na kuangalia magurudumu. Alikuwa Mturkana wa rika langu, mwenye mke na watoto, na tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka sita.

"Ekai, umeona mtu hapo nyuma?"

"Mtu gani? Hapa hata mbuzi hakuna."

Nikaendesha. Moyo ulikuwa unapiga hadi kwenye meno. Tulipofika mbali kiasi nikasimama, nikageuza lori, tukarudi. Tulikuta shimo na vumbi. Ekai alicheka akasema, "Umeona? Umegonga shimo." Nami nikacheka. Nilipata utulivu kama wa mtu aliyeshukwa na homa, ukadumu mpaka shimo lililofuata.

Kufikia mvua za mwaka uliofuata nilikuwa narudi mara mbili, mara tatu kwa safari moja. Siku zile malori ya kaskazini yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi. Mtu hatoki kwenye msafara apendavyo. Mimi nilitoka. Nilidai injini imechemka, nilidai nimesikia tairi, nikangoja vumbi la wenzangu litulie, kisha nikageuza. Ekai hakucheka tena. Alikaa amekumbatia magoti akiangalia vichaka.

"Dere, siku moja tutauawa hapa kwa ajili ya mtu ambaye hayuko," aliniambia.

Nilijua anasema kweli. Watu wengi hudhani mgonjwa wa namna hii haelewi. Anaelewa. Nilijua hakuna mtu aliyelala barabarani, nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado nilikuwa siwezi kuvuka daraja linalofuata bila kurudi kuangalia. Hapo ndipo aibu inapozaliwa. Mtu akiwa na kichaa hajui, watu humhurumia. Mimi nilijionea mwenyewe upumbavu wangu kila siku, macho makavu.

Kisha kukawa na mbuzi wa Mzee Galgalo.

Galgalo alikuwa mzee wa Kiborana aliyekuwa akituamini sana. Kiangazi kile alikusanya mbuzi aliobaki nao baada ya ukame, akatupa tuwalete soko la Isiolo. Ilikuwa safari ya asubuhi moja tu kama ukienda moja kwa moja. Nilirudi mara nne. Mara ya nne nilishuka nikatembea mtaroni, nikainua kila kichaka, jua likiwa utosini, na lori limesimama juani limejaa mbuzi. Ekai aliniita mpaka sauti ikakauka. Nilimsikia. Nikaendelea kuinua vichaka.

Tulipofika na kufungua nyuma, mbuzi wengi walikuwa wamekufa, wamelaliana. Waliokuwa hai hawakuweza kusimama. Mzee Galgalo, aliyekuwa akitungoja pale, hakupiga kelele. Alipanda, akaanza kuwashika mmoja mmoja masikio, akiwataja kwa rangi zao.

Mbele ya hoteli ya chai tulipoegesha, wafanyabiashara karibu wote walikuwa wameketi. Yusuf alitoka ndani akanishika mkono.

"Hassan, ni nini? Mmekuwa wapi saa zote hizi?"

Ningeweza kusema. Midomo ilifunguka kusema. Nikaona nyuso zile, wazee waliomjua baba, nikajiona nikieleza kwamba nilirudi kumtafuta maiti ambaye hakuwepo. Nikasema, "Ekai hakufunga mlango wa nyuma vizuri. Mbuzi wengine walianguka njiani. Tukarudi kuwatafuta."

Ekai alikuwa bado amesimama juu ya lori. Aliniangalia. Alingoja, nafikiri, nirekebishe. Yusuf alianza kumtukana mbele ya watu wote, akamwambia ashuke na asiguse tena gari letu. Ekai alishuka akavaa viatu vyake vya tairi, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza upande wake. Neno la Mturkana taniboi dhidi ya neno la mwana wa mwenye lori lingepimwaje pale? Alijua, nami nilijua, na ndiyo maana nilisema.

Tangu siku hiyo hakuna mwenye lori mjini aliyempa kazi. Waliita jina lake na kuongeza, "Yule wa kuua mbuzi."

Haikupita mvua nyingine na mimi nikaacha kuendesha. Nilimwambia Yusuf mgongo unaniuma. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kutoka nje ya Isiolo kabla ya jua kuzama, nikirudi na kurudi. Nilidhani nikiacha lori ugonjwa utaacha. Ukanifuata kwa miguu. Nikimpita mtoto njiani nilihisi nimemsukuma, nikageuka kuangalia. Nilikwenda kituo cha polisi kuuliza kama kuna mtu aliyeokotwa amekufa barabarani. Mara ya kwanza askari alinijibu kwa heshima. Baadaye wakiniona langoni walicheka, wakaniita Inspekta. Jina hilo likaenea mpaka mtaa wa Chechelesi, na siku moja binti yangu Amina alirudi kutoka shuleni analia kwa sababu walimwita binti wa Inspekta.

Mke wangu Zamzam ndiye niliyemchosha zaidi. Nilikuwa namuuliza, "Sijamgonga mtu, sivyo?" Anasema, "Hujamgonga." Nakaa kidogo. "Una hakika?" Anasema, "Wallahi, hujamgonga." Kisha namuuliza kama alikuwa anasikiliza vizuri alipojibu. Alinijibu akipika, akinyonyesha, na akiswali nilimngoja atoe salamu ili nimuulize. Alikonda. Mimi nilikonda kuliko yeye, mashavu yaliingia ndani, nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, na nyayo zilikuwa na sugu kama za mchungaji wa nyika ya Kipsing.

"Baba Amina," aliniambia asubuhi moja, "nimeapa jina la Mungu kwa ajili yako mara nyingi mpaka naogopa. Siwezi tena." Akachukua watoto akaenda kwao Garba Tulla.

Mama alinipeleka kwa sheikh. Nilinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, siku saba. Sheikh alikuwa mtu mpole. Aliniambia hii ni waswasi, shaka isiyokoma, usiifuate itachoka. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini sikuwa na nguvu za kuyatimiza. Hospitali walinipa vidonge vya usingizi, nikawa mtu mwenye usingizi anayerudi kuangalia mitaro. Mwaka wa tatu wa kwenda na kurudi, daktari msaidizi mmoja kijana alinisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Alisema amesoma barua kutoka Nairobi, kuna daktari anayetafuta watu wenye shida kama yangu awapige picha ya ubongo. Akaniandikia barua ya kwenda nayo.

Nilipofika Nairobi walinikalisha kwenye benchi refu la mbao. Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, mikono ameificha ndani ya leso. Leso ilipoteleza niliona ngozi imepasuka na kutoka damu.

"Ni kuosha," alisema kabla sijauliza. "Na wewe?"

"Ni kurudi," nikasema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. Jina lake lilipoitwa, aliniomba nimfungulie mlango kwa sababu hakuweza kushika kitasa. Nilifungua. Nimefanyiwa wema mwingi tangu hapo, lakini huo wa kuombwa msaada kama mtu wa kawaida siusahau.

Daktari aliitwa Kageha, mwanamke mfupi mwenye miwani. Aliniuliza, "Kama unajua hukumgonga mtu, kwa nini unarudi?"

"Najua, Daktari. Tena sijui."

"Wote wananijibu hivyo," akasema, akaandika.

Alinieleza kuna mashine mpya inayoweza kupiga picha za ubongo kipande kwa kipande bila kupasua kichwa. Anataka kuona kama vichwa vyetu sisi wa waswasi vina tofauti na vya wengine. Hakuahidi kuniponya kwa picha. Alisema dawa ipo na mazoezi yapo, na hayo nitapewa hata kama sitaki picha. Nikamwambia nataka. Sikumwambia kwa nini. Kila swala nilikuwa namwomba Mungu wakute uvimbe, alama, chochote cheusi, nikirudi Isiolo nikionyeshe kwa Yusuf na Zamzam na askari wale: tazameni, si mimi. Nilikuwa na mama hai na watoto, na nilikuwa naomba uvimbe kichwani.

"Picha yako peke yake hainiambii kitu," Daktari Kageha akaendelea. "Nahitaji ya kulinganisha. Niletee mtu mzima, wa umri wako, wa mahali pako, kama inawezekana wa kazi kama yako. Afanane na wewe kwa yote isipokuwa ugonjwa."

Yusuf alikuwa amenizidi umri mno. Alikuwepo mtu mmoja tu.

Nilimkuta Ekai kijijini Burat, nje ya Isiolo, akipalilia vitunguu katika shamba la mtu. Ilikuwa miaka saba tangu mbuzi wale. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Aliniona kutoka mbali, akaendelea kulima.

"Habari, Ekai."

"Nzuri. Unataka nini?"

"Nataka kichwa chako," nikasema.

Jembe likasimama. Nikaanza upya, nikaeleza lori, kurudi, waswasi, Nairobi, mashine. Alinisikiliza akiangusha udongo kutoka kwenye jembe kwa kidole cha mguu.

"Na kwa nini mimi?"

"Daktari anataka mtu mzima. Wewe ndiye mtu mzima ninayemjua."

Alipalilia vitunguu viwili vitatu. Kisha akasema, "Nitakuja. Nataka kuona hiyo kitu iko ndani ya kichwa yako. Hiyo kitu ilifanya nikafukuzwa."

Nilitaka aione pia.

Mashine ilikuwa duara kubwa, kama gurudumu la trela lililosimamishwa, na katikati yake kitanda chembamba. Chumba kilikuwa baridi sana. Walinifunga kichwa kwa mkanda, wakaniambia nisitikisike. Kitanda kikaingia polepole, mashine ikavuma na kugonga, na mimi nikalala nikiomba uvimbe wangu. Nilipotoka, Ekai aliingia. Alivua kofia, akalala kama amelala kwake. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa karibu kukojoa kwa hofu.

Siku mbili baadaye Daktari Kageha alitundika picha zetu kwenye ubao wa taa, za mtu mmoja upande huu na za mwingine upande ule. Zilikuwa za kijivu, kama nusu ya kokwa iliyokatwa.

"Yangu ni gani?" Ekai akauliza.

Daktari akamwonyesha. Ekai akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaangalia yake, akaangalia yangu, akarudia.

"Mbona ziko sawa?"

"Kwa macho ziko sawa," Daktari akasema. "Hakuna uvimbe, mshukuru Mungu. Kama kuna tofauti, ni ndogo, itaonekana tu nikipima vichwa vingi, vyenu na vya wengine. Inawezekana nisione kitu. Lakini Hassan ni mgonjwa kweli. Picha kutoonyesha haina maana ugonjwa haupo."

Nilitoka nikaketi kwenye benchi, nikalia kwa kukosa uvimbe. Ekai alikaa mwisho wa benchi ile ile.

"Kwa hivyo hakuna kitu," akasema.

Hapo ndipo niliposema lile ambalo nilikuwa nimelizunguka miaka saba. Nilisema, "Ekai, hata kingekuwepo. Ugonjwa ulinirudisha barabarani. Ugonjwa ulinifanya niinue vichaka na mbuzi wanakufa. Lakini ule uongo wa mlango, hakuna ugonjwa ulioniambia niseme. Niliusema mwenyewe, nikiwa na akili zangu, kwa sababu niliona aibu na wewe ulikuwa karibu."

Hakunitazama.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilikuwa kwa hiyo lori. Nilifunga mlango na nikaangalia mara mbili. Nilikuwa nangoja tu nisikie kwa mdomo yako."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Umesema hapa, mahali hakuna mtu ananijua. Yusuf alinifukuza kwa hoteli, watu wote wakiwa. Enda useme huko."

Niliahidi. Kisha nikakaa karibu mwaka mzima bila kutimiza, na hilo pia ni langu, si la ugonjwa.

Nilianza dawa. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukanata, choo kikawa kigumu, mikono ikatetemeka nikashindwa kushika kikombe, nikanenepa tumbo tu. Wiki za kwanza hakukuwa na faida yoyote. Mvua za Novemba zilipoanza, niligundua nimetoka msikitini mpaka nyumbani bila kugeuka hata mara moja. Nilisimama nje ya mlango wangu nikaogopa, kama mtu aliyekuta mzigo wake haupo mgongoni.

Mazoezi yalikuwa magumu kuliko dawa. Daktari Kageha alikuwa amemwandikia Zamzam barua, akamweleza kwamba majibu yake ya huruma ndiyo yaliyokuwa yanalisha waswasi. Zamzam alirudi kutoka Garba Tulla na barua ile ameikunja mara nyingi. Kila asubuhi tulichukua pikapu ya Yusuf tukaenda barabara ya kaskazini, yeye kando yangu. Sheria ilikuwa moja: nisirudi, naye asinijibu.

Tukapita shimo. Jasho likanitoka mpaka kiti kikalowa.

"Mama Amina, tumegonga?"

Akaangalia mbele.

"Niambie tu mara moja. Mara moja tu."

"Sitakujibu," akasema, na machozi yakawa yanamdondoka kidevuni. "Endesha."

Nikaendesha. Siku ya kwanza nilitapika dirishani. Siku ya ishirini na kitu niliuliza mara mbili tu. Kiangazi kilipofika tulienda mpaka Archers tukanywa chai tukarudi, na njiani Zamzam alilala usingizi. Alilala. Mwanamke aliyekuwa hajaniamini kwa miaka alilala kando yangu nikiendesha.

Siku hiyo ndipo nilipokwenda Burat kumwambia Ekai aje hotelini Ijumaa baada ya swala.

Alikuja, akakaa karibu na mlango. Wafanyabiashara walikuwepo, baadhi yao wale wale. Mzee Galgalo hakuwepo. Alikuwa amefariki kabla sijapata ujasiri, na kwake sina la kufanya ila kumwombea. Nilisimama. Nilisema mlango ulikuwa umefungwa, Ekai hakukosea, mimi ndimi niliyeua mbuzi wale kwa kurudi nyuma kwa ugonjwa wa waswasi, kisha nikamsingizia. Nilisema kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, mdomo umekauka kwa dawa. Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akanyamaza.

Yusuf aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Na ukaniacha nimtukane," akasema. "Mbele ya watu hawa."

"Ndiyo, kaka."

Akainuka akaenda mpaka kwa Ekai. Kaka yangu ni mtu mzito, hajui kuomba. Alisimama hapo akishika shika funguo, mwishowe akasema, "Gari iko. Ukitaka, kesho uanze."

"Nina vitunguu," Ekai akasema. "Lakini umesema vizuri." Akamaliza chai yake bila haraka, akanipa mkono akipita, mkono tu, bila kusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema. Tunasalimiana.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikiwa na aibu kuliko siku zote. Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa fundi cherehani wa pale jirani, mtu wa makelele, yule raia wa kwanza kuniita Inspekta baada ya askari. Aliangalia kama kuna mtu anasikia.

"Salaam aleikum, Hassan."

"Aleikum salaam."

"Huyo daktari wako wa Nairobi," akasema, akiangalia viatu vyangu. "Anatibu na wale wa kuosha? Msichana wangu mikono inatoka damu. Mwaka wa pili huu tunamficha ndani."

Nilimwambia anatibu. Nikamwambia nilimwona mama mmoja hivyo hivyo, kwenye benchi, na kwamba mtoto akifika pale asilazimishwe kushika kitasa, afunguliwe mlango. Nikamshika mkono tukaenda kwake, msichana aitwe nizungumze naye.